Gauni Jeupe la Jumatano

Jumapili hiyo soko lilifurika watu, akordioni zikilia huku, mahindi ya kuchoma yakinukia kule, na Eliseo alikuwa amekuja kununua glavu za kazi tu. Mara akamwona Nayeli wake. Jinzi imemkaa vizuri, nywele kazibana juu, anajipimia gauni jeupe mbele ya kioo. Pembeni yake Mmarekani mrefu mwenye nywele za njano kamshikia mkoba. Mkoba! Ule ambao Eliseo hajawahi kuruhusiwa hata kuugusa.

Hakumwita. Kwa wivu akarudi nyumbani bila glavu. Jioni akampigia mpenzi wake simu.

"Mami, Jumatano nikupeleke tukale kamba?"

"Jumatano sipo, mpenzi. Naenda Austin."

"Na nani?"

"Na Colby, wa chuoni."

"Kufanya nini?"

"Nikikuambia utanikataza. Nitakueleza nikirudi."

"Colby ndiye yule anayekubebea mkoba?"

"Kwa hiyo ulikuwa unanichungulia? Ona haya, Eliseo!" Akakata simu.

Mtaani kwao, mtaa wa wahamiaji, kila mtu anajua msichana asiye na makaratasi ya kuishi Marekani akivaa gauni jeupe katikati ya wiki anakwenda wapi: kwa hakimu, kuolewa na raia. Griselda, binamu yake Eliseo, alifanya hivyo hivyo. Na Nayeli alikuwa na sababu. Wabunge wa jimbo walitaka kufuta sheria iliyomruhusu kusoma uuguzi kwa ada nafuu ya wenyeji wa jimbo. Ikifutwa, chuo basi. Colby angeweza kumpa makaratasi. Eliseo, ambaye naye hana, angempa nini? Misumari ya kuezekea?

Jumatano akaacha paa la watu alilokuwa akiezeka likiwa nusu, akaendesha gari bila leseni mpaka Austin, mji mkuu wa jimbo. Mahakamani hakumwona. Alipotoka akaziona nywele za njano zikiingia kwenye jengo la bunge, akazifuata mbio.

Ukumbini, Nayeli alikuwa amesimama mbele ya maikrofoni na gauni lake jeupe, kamera zote zikimwelekea. Colby alikaa nyuma, mkoba mapajani, akimnong'oneza msichana mwenye pete, mchumba wake.

"Binti," mbunge mmoja alisema, "kwa nini walipa kodi wasaidie kusomesha watoto wa watu wasiolipa?"

Nayeli alifungua mdomo, sauti ikagoma.

"Mimi nalipa!"

Watu waligeuka. Eliseo mwenyewe alishtuka kusikia kuwa ni yeye.

"Naezeka nyumba zenu. Makaratasi sina, lakini kodi nalipa kila mwaka, na nambari ya kulipia serikali ilinipa yenyewe! Mama yake huyu naye analipa. Mwacheni asome!"

Askari wakamtoa nje. Nyuma ya mlango alisikia sauti ya Nayeli ikirudi, tena kavu, haitetemeki.

Kikao kilipoisha Nayeli alimjia mbio. "Mwehu wewe! Umejitangaza huna makaratasi mbele ya kamera!"

"Na wewe je?"

"Ndiyo maana sikukuambia! Umefuata nini huku?"

"Kuvunja harusi."

Nayeli alipoelewa alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akalia kweli. "Kura ni kesho. Nahisi watatushinda."

Colby akatokea na mchumba wake. Eliseo akamnyang'anya mkoba. "Asante, kaka. Huu sasa nabeba mimi." Akamgeukia Nayeli. "Mami, ukiolewa na mimi makaratasi hupati. Unapata mwezeka paa tu."

"Nani kakuomba makaratasi?" Nayeli alijifuta machozi, akalikung'uta gauni vumbi. "Hili nimelivaa mara moja tu. Nitalifua."