Walikubaliana Wote

Mwaka tisini na nne Luhende alikuwa na kazi nyingi kuliko mikono yake. Viwanda vya samaki vilikuwa vimefunguliwa Mwanza, waliouza sangara walikuwa wanajenga, na kila nyumba mpya ilitaka milango. Karakana yake ilikuwa Igoma, kando ya barabara ya Musoma. Siku moja, saa kumi na mbili jioni, alikuwa anafagia maranda pale mwanamke mmoja mrefu aliposimama mbele yake.

"Mama anataka mlango," alisema. "Njoo upime."

"Wapi huko?"

"Kisesa. Si mbali na barabara."

Luhende alitaka kusema kesho. Lakini mafundi walikuwa wengi, na kesho kazi ingekuwa ya mwingine. Akachukua futi ya kupimia na penseli, akapanda baiskeli. Mwanamke alisema atatangulia kwa miguu, na Luhende hakulitilia maanani mpaka alipofika Kisesa na kumkuta amesimama penye njia ya ng'ombe. Hahemi. Miguu haina vumbi.

Labda alipata lifti. Luhende hakuuliza.

Wakakata kushoto, katikati ya mashamba ya pamba. Giza lilikuwa linaingia. Hapakuwa na mbwa aliyebweka, wala chura aliyelia, ingawa mvua ilikuwa imenyesha jana yake. Harufu ndiyo iliyomfikia kwanza... moshi wa kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, ule unaowasha macho. Alishangaa kidogo. Mtu mwenye uwezo wa kujenga, bado anapikia kinyesi?

Nyumba ilikuwa mpya, ya matofali ya kuchoma na bati linalong'aa. Uani waliketi watu kama ishirini kwenye vigoda, wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili.

"Shikamooni, wazee."

Hakuna aliyeitikia.

Akaegemeza baiskeli ukutani, akaingia ndani. Bibi mmoja alikuwa ameketi sakafuni mbele ya moto mdogo, amempa mgongo.

"Shikamoo, mayu, mama yangu. Ni fundi wa mlango."

Bibi akachochea moto.

Luhende akageukia kazi yake. Akapima upana, akaandika. Akanyoosha futi juu kupima urefu... na hapo akasikia vigoda vikisogezwa uani. Vyote kwa pamoja.

Walikuwa wamesimama mbele ya uwazi wa mlango, wameuziba. Mzee mwenye kofia ya kitambaa alikuwa mbele. Aliongea taratibu, kama mtu anayesoma tangazo.

"Fundi, kikao kimekwisha. Tumekubaliana ufe."

Luhende alicheka. Alicheka peke yake.

"Nimefanya nini?"

"Hilo hatukulijadili."

"Sasa mnaniulia nini?"

"Tumekubaliana."

Alitafuta sura moja yenye huruma, hakuipata. Hawakuwa na hasira hata kidogo. Walimtazama kama watu wanaosubiri mahindi yaive.

"Kuna serikali," akasema. "Kuna polisi hapo barabarani."

"Serikali iko mbali."

Maneno hayo aliyajua.

"Mungu anawaona."

"Kama hapendi, atatuzuia."

Na hayo pia aliyajua. Aliyajua kwa sababu yalikuwa yake.

Miaka minane nyuma, kijijini kwao ng'ambo ya Magu, watoto watatu walikufa kwa surua ndani ya wiki moja. Mganga akasema kuna mkono wa mtu. Kijiji kikakutana kwenye kiwanja cha mpira cha shule, na jina likatajwa: Bibi Kija, mjane aliyeishi peke yake, macho mekundu kwa miaka mingi ya moshi wa kinyesi, ambayo watu waliyaita ya uchawi. Watu wakaulizwa kama auawe. Mikono yote ikanyooshwa. Bibi Kija aliuliza amefanya nini, akasema kuna serikali, akasema kuna Mungu. Aliyesimama mbele yake na kumjibu alikuwa Luhende, sungusungu, mlinzi wa kijiji, kijana wa miaka thelathini. Jioni ile wenzake walipoliwasha paa la nyasi la nyumba ya bibi, yeye ndiye aliyeushikilia mlango kwa nje.

Hakuna aliyeshtakiwa. Luhende akahamia mjini, akajifunza useremala, akaoa. Na kila jambo lile lilipomrudia alijipoza kwa hoja moja: tulikuwa wote. Kosa ni kile ambacho watu wamekikataa. Kile hakuna aliyekikataa, basi si kosa. Wakati ule ndivyo ilivyokuwa.

Ilikuwa hoja nzuri. Ilimpa usingizi miaka minane.

Sasa mzee mwenye kofia aliinua mguu, akaingia ndani. Wengine wakafuata. Walikuwa wanakuja polepole, bila kusukumana, na nguo zao zilinuka majivu.

Luhende akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Msifanye hivi," alinong'ona.

"Tumekubaliana wote."

"Hata kama mmekubaliana!" Ikamtoka kwa nguvu, kifua kizima. "Hata ikubali dunia nzima. Ni vibaya. Kumuua mtu ambaye hajafanya kitu ni vibaya tu, mkubali, msikubali."

Wakasimama.

Moto ukatoa mlio mdogo. Bibi pale sakafuni alizungumza bila kugeuka, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyemeza moshi.

"Nani alikufundisha hilo?"

"Hakuna aliyenifundisha."

"Ulilisoma wapi?"

"Sikulisoma. Najua tu."

"Tangu lini?"

Luhende alifungua mdomo. Angeweza kusema tangu leo. Alijaribu. Neno halikutoka, kwa sababu halikuwa kweli, na mbele ya mgongo ule hakuweza kudanganya.

"Tangu zamani," alisema.

"Basi siku ile ulijua."

Luhende akautazama moto.

"Ulijua," bibi akarudia, taratibu, "na mlango ukaushika."

Kisha akaanza kugeuza kichwa...

Luhende hakungoja kuona uso. Aliinamisha kichwa na kujitupa mlangoni. Hakuna aliyemzuia. Wale watu walimpisha, wote, kwa adabu, kama wanavyompisha mgonjwa. Alikimbia ndani ya pamba mpaka akafika barabarani, miguu inatoka damu.

Asubuhi alirudi na jirani yake Antoni. Hapakuwa na nyumba. Palikuwa na kiwanja kitupu chenye nyasi, na mama aliyekuwa anapalilia pembeni alisema mwenye kiwanja ni mtu wa mjini, hajachimba hata msingi. Baiskeli ya Luhende ilikuwa katikati ya nyasi. Ilikuwa imesimama wima, haijaegemea kitu.

Antoni hakutaka kuigusa.

Mkewe Luhende, Selina, alitoka kijiji kile kile. Alipoelezwa aliufunga mlango kwanza, halafu akasema, "Nyamaza na hilo jambo. Sote tulikuwepo." Luhende alimwangalia mkewe, na kwa mara ya kwanza maneno yale hayakumpoza. Yalimtia baridi.

Siku ya tatu alikwenda Kahangara, ufukweni, anakoishi Paskazia, mtoto pekee wa Bibi Kija. Alimkuta anageuza dagaa juani. Alimwambia yote akiwa amesimama, kiwanja cha mpira, majibu yake, mlango, na yaliyompata Kisesa. Paskazia aliendelea kugeuza dagaa mpaka Luhende alipomaliza.

"Umekuja nikusamehe?"

"Sijui, dada."

"Nikikusamehe, itakuwa si kosa tena?"

Luhende alitazama ziwa. Lilikuwa limetulia kama bati.

"Litabaki kosa."

"Sasa unataka msamaha wa nini?" Akajifuta mikono kwenye khanga. "Nenda polisi Magu, ukaseme hivyo hivyo ulivyosema hapa. Na majina ya wenzako uyataje."

"Nitakwenda. Leo hii." Alisita. "Dada... wale watu wa Kisesa. Ni ndugu zako?"

Paskazia alimtazama machoni kwa mara ya kwanza. Yake yalikuwa makavu, hayana hata chembe ya huruma.

"Mimi sina ndugu," alisema. "Lakini walifika hapa mwezi uliopita, jioni, na yule mwanamke mrefu. Waliniuliza nataka wakufanye nini."

Luhende akamsogelea.

"Ukawajibu nini?"

Paskazia aliinama, akaokota kapu lake.

"Niliwaambia wanipe muda nifikirie," alisema, na akaanza kuelekea nyumbani. "Bado nafikiria."