Ngumi Juu ya Wali

Basi la Arusha lilikuwa limesimama Mombo, abiria wanagombea meza, na katikati ya vurugu zote hizo Rukaya, mpishi wa mgahawa wa pale, akamwona mwanaume mmoja amekunja ngumi juu ya sahani ya wali. Chakula hali. Anaitazama ngumi, anautazama wali.

"Kaka, unaupiga au unaula?" Rukaya aliuliza, kitenge cha njano kimemkaa kiunoni sawasawa.

"Naukadiria." Mwanaume akacheka. Alikuwa pande la mtu, ndani ya shati la bluu la mafundi wa minara ya simu. "Umetia mafuta kiasi gani humu?"

"Ya kutosha kukurudisha kesho."

Na kesho akarudi. Jina lake Mhina, mzaliwa wa Kwedizinga kule Handeni, amepanga Korogwe mjini. Yakaanza mapenzi ya simu asubuhi, simu jioni.

"Umeamkaje, mamii?"

"Salama, jitu langu. Umekula?"

Hapo Mhina alibadilisha mazungumzo kila mara.

Maana jamani, mezani mwanaume huyu alikuwa na vituko! Akipewa samaki, anaweka kiganja pembeni, anakata kipande kinacholingana na kiganja, kinachobaki anakisogeza. Bakuli la mchuzi analiinamisha mafuta yajitenge. Chapati hagusi. Kisha midomo inacheza bila sauti, kama mtu anayehesabu. Na mwili ukaanza kupungua, suruali ikabaki kushikiliwa na mkanda.

"Shoga, mwanaume asiyemaliza sahani yako anamaliza ya mwenzio," alisema Hamisa, mpishi mwenzake.

Rukaya alicheka, lakini jioni ile alinusa shati la Mhina kutafuta harufu ya jiko jingine. Alikuta vumbi na jasho tu.

"Mhina, una mtu?"

"Nina wewe."

"Unaumwa?"

"Siumwi! Acha wasiwasi, mpenzi."

Jibu la pili lilikuja haraka mno, na Rukaya hakulipenda.

Siku ya kuonyeshwa kwa mama mkwe ikafika. Mama akiridhika, washenga wanatumwa Mombo, asiporidhika, yamekwisha. Rukaya alivaa dera la zambarau, akaingia jikoni mwenyewe, akapika wali wa nazi na kuku wa kienyeji. Ukoo mzima ulikuwa umekaa mkekani alipompakulia Mhina. Naye, kwa mazoea tu, akakunja ngumi juu ya sahani.

"Umeweka nini humu?" akanong'ona. Akala kidogo, akaisukuma.

Shangazi yake, Bi Hajira, akaacha kutafuna. "Mmeona? Kijana wetu mwenyewe anakiogopa chakula cha huyu mwanamke. Na alivyokonda! Hawa wanawake wa barabarani, kutia limbwata kwao ni kama kutia chumvi."

Limbwata! Dawa ya kumfunga mwanaume, yeye Rukaya! Akamtazama Mhina amtetee. Mhina akatazama mkeka. Rukaya alichukua mkoba wake akapanda bodaboda, analia njia nzima wala hajali nani anamwona.

Kesho yake Mhina akatokea mgahawani, meza zote zimejaa.

"Rukaya, nisikilize."

"Nikusikilize nini? Miezi yote hii unakishuku chakula changu!"

"Sikishuku. Napima kalori."

"Unapima nini?"

"Nguvu iliyomo kwenye chakula, ile ikizidi inanenepesha. Daktari alisema presha imepanda, nipunguze mwili. Na mimi nakula migahawani kila siku, nitatembea na mizani? Ndiyo maana nakadiria kwa mkono. Wali wa ngumi moja ni karibu kalori mia mbili. Kijiko kikubwa cha mafuta, mia na ishirini, na mafuta yako, mpenzi, hayaonekani mpaka yafike tumboni! Niliona aibu kusema. Mwanaume akikonda kwetu, unajua wanavyosema: ana ngoma, ana UKIMWI."

"Kwa hiyo aibu yako ukaificha, ukaniacha mimi nivikwe uchawi?"

Mhina akanyoosha mkono amshike, Rukaya akausukuma.

"Mimi nimekuelewa," Rukaya akasema. "Ila jina langu halikuchafuliwa hapa. Limechafuliwa Kwedizinga."

Mhina alitoa simu, akaiweka sauti ya juu, abiria wote wanasikia.

"Mama, shikamoo. Mimi nina presha. Nakula kwa kipimo, daktari kaniagiza, nikawaficha. Rukaya hakuweka kitu. Kosa ni langu peke yangu, na shangazi mwambie hivyo hivyo."

Mama akajibu: "Mpe simu."

"Shikamoo, mama," Rukaya alisema.

"Marahaba. Ile sahani aliyoiacha, wifi yangu alitaka imwagwe. Mimi nikaingia nayo chumbani, nikaila yote."

"Mama!"

"Kama ni limbwata, mwanangu, basi limenipata mimi. Tangu jana nakuwaza wewe tu. Ijumaa washenga wanakuja."