Kicheko Afunga Mdomo

Mama wa nyumba hii ni msusi. Saluni yake ni chumba cha mbele: kiti kimoja cha kuzunguka, benchi la wateja na kioo kikubwa ukutani. Katika chumba cha nyuma alilala bibi, mgonjwa wa moyo.

Binti wa msusi alikuwa na miaka kumi na mitatu. Bibi alimwita Kicheko, maana mtoto huyo alijua kucheka. Akicheka saluni, bibi aliitikia kutoka nyuma, "Nimekusikia!"

Meno ya Kicheko yalipandana, hata kutafuna ikawa shida. Daktari wa meno akamfunga nyaya za kuyanyoosha. Alirudi nyumbani anachekelea.

"Bibi, tazama, mdomo wangu unang'aa."

"Unang'aa kweli. Umeme ukikatika tutakuita wewe," bibi alisema, wakacheka mpaka bibi akakohoa.

Ila wateja hawakosi maneno.

"Msusi, mwanao kala uzio wa nani?" mmoja alitania. Benchi zima likacheka.

Mama naye akacheka, kicheko cha aibu. Walipoondoka alimwambia binti yake, "Wakija watu, funga mdomo, mwanangu. Hivyo vyuma vinakuharibu sura."

Kicheko akafunga mdomo. Mwanzoni aliongea huku ameuziba kwa mkono. Baadaye akaacha hata kuongea.

"Kicheko wangu mbona simsikii siku hizi?" bibi aliuliza.

"Yupo, mama. Amekua tu, ametulia," msusi alimjibu.

Haukupita muda, bibi akafariki. Aliondoka bila kukisikia tena kile kicheko. Jambo hili linauma, na halina dawa.

Baada ya msiba mama alimpeleka Kicheko kwa daktari.

"Daktari, mtoto amenyong'onyea. Mtoe hizi nyaya, zinamtia aibu."

"Nikizitoa sasa, meno yatarudi yalikokuwa," daktari alisema. "Yanasogea polepole, bado hayajashika mahali pake. Nyaya zinaonekana, ni kweli, lakini ni za muda. Apige mswaki vizuri kuzunguka kila chuma, na asitafune vitu vigumu." Kisha akamgeukia Kicheko. "Na wewe mwenyewe unazionea aibu?"

Kicheko alitazama sakafu.

"Mimi nilizipenda. Ila mama akinisuka, namwona kwenye kioo. Macho yake yakifika mdomoni kwangu, anayahamisha."

Mama alitokwa na machozi pale pale.

"Si wewe peke yako," daktari alimwambia taratibu. "Wazazi wengi huona aibu kuliko hata watoto. Mtoto akiiona aibu hiyo, anaibeba."

Walipofika nyumbani mama alimkalisha binti yake mbele ya kioo, akaanza kumsuka. Safari hii alimtazama mdomoni, hakuhamisha macho.

"Nisamehe, mwanangu. Nimekukosea, na bibi yako nimemkosea."

Nyaya zikabaki. Yule mteja mtani alirudi.

"Bado tu uzio upo?"

"Upo, unanyoosha meno," mama alijibu. "Na wewe tulia, nisije nikakusuka upande mmoja tu."

Kicheko alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mdomo wazi, nyaya zote nje, na mteja naye akacheka.

Mama alisimama na kitana mkononi, akageukia mlango wa chumba cha nyuma. Alisubiri. Kitanda cha bibi kilishatolewa, na hakuna aliyeitikia.

"Nimekusikia," mama akasema.