Mwizi Aliyerudisha Bolti

"Bodi ya zamani nilikupa mwenyewe ukafugie kuku. Nani alikwambia urudi kuchukua na mpya?"

"Mama Koki, chunga mdomo. Mimi ni mtu wa kukuzaa."

"Kwani waliozaa hawaibi, Mzee Chakavu?"

Inspekta alisimama katikati yao, mkono mmoja kwa huyu, mwingine kwa yule. Ilikuwa saa mbili asubuhi, Jumamosi, na mtaa mzima ulishahamia uani kwa Mama Koki. Wengine walikuja na vikombe vya chai mkononi, maana shauri tamu halingoji mtu amalize kunywa.

Nyuma ya watu hao, pikapu ya Mama Koki ilisimama uchi kama samaki aliyebaki mgongo. Kichwa kipo, magurudumu yapo, bodi ya nyuma haipo.

"Anza mwanzo," Inspekta alisema. "Polepole."

Mama Koki, fundi bomba, alivuta pumzi. Bodi ya zamani ilioza kwa kutu hadi koleo zikawa zinadondoka njiani. Wiki iliyopita Moto, fundi wa kuchomelea aliyemuoa mdogo wake, akaing'oa na kumfungia mpya: ya chuma, makabati matatu kila ubavu, kila moja na kufuli lake. Jana alasiri, mtaa ulipokuwa harusini, bodi ikayeyuka.

"Jumatatu saa moja asubuhi natakiwa zahanati mpya, kule mlimani. Mkataba unataka gari lenye makabati ya kufunga. Nisipofika nalo, kazi ya miezi minane inaenda kwa mwingine. Mabinti zangu wawili nimewafundisha ufundi kwa ajili ya kazi hii, afande."

Inspekta alivua kofia, akaingia chini ya gari. Koplo aliyekuja naye alikuwa ameshapuliza unga wa alama za vidole, akaambulia patupu. Mwizi alivaa glavu.

"Hesabu bolti, Koplo."

"Nane. Zote zipo."

"Ziko wapi?"

"Kwenye matundu yake. Zimekazwa kwa vidole, kila moja na kipete chake cha washa."

"Nyaya za taa?"

"Zimefungwa utepe. Nyekundu kivyake, nyeusi kivyake."

Inspekta alitabasamu. Katika miaka kumi na tisa ya upelelezi alishaona wezi wanaokata, wanaovunja, wanaoacha hata viatu. Anayefagia baada ya kuiba hakuwahi kumwona.

"Huyu ana adabu," alimnong'oneza Koplo. "Na adabu yake ndiyo itakayomponza."

Alivuka njia na Mzee Chakavu, mnunuzi wa vyuma vikuukuu, hadi uani kwake. Mtaa ukavuka naye.

"Jana ulitoka harusini mapema."

"Viatu vilinibana."

"Una winchi ya mnyororo, ya kuinulia vitu vizito?"

"Ninayo. Na Moto anayo. Mtaa huu hakuna ya tatu."

"Spana je?"

Mzee alicheka kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. "Spana ya nini? Mimi nawasha gesi, chuma kinaanguka. Nati sijawahi kuibembeleza tangu nizaliwe."

Inspekta aliangalia rundo la vyuma. Kweli, kila bolti ilikatwa kichwa.

Mke wa mzee alikuwa mlangoni, mguu wake uliovimba ameuweka juu ya kigoda. "Mimi sikwenda harusini, mwanangu. Nilisikia gari likiingia kwa jirani, kisha mnyororo, kra, kra, kra. Gesi ya kukatia sikuisikia ikivuma. Na huyu mume wangu asipopiga kelele hajioni kama amefanya kazi."

Watu walicheka, Mzee akanuna. Inspekta hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye bodi ya zamani kando ya ua. Aliwafukuza kuku, akamwambia Koplo amsaidie kuipindua. Sehemu zilizokaa juu ya chesisi, mifupa ya gari, zilikuwa zimegeuka vumbi.

"Kama hii imeoza hapa," aliuliza, "kilichokuwa chini yake kilipona?"

Kutu ni kama umbea, haikai nyumba moja.

Inspekta alikimbia. Alikimbia kweli, kofia mkononi, mtaa nyuma yake. Alichomeka bisibisi kwenye chesisi ya pikapu, chini ya rangi nyeusi inayong'aa, akasukuma. Bisibisi ikazama kama kwenye papai bivu.

Waliokuwa karibu waliinama kuchungulia.

"Rangi hiyo alipaka nani?" Mama Koki aliuliza, ingawa alijua.

Walimkuta Moto karakanani kwake, akichomelea. Alipoona umati, alizima mashine na kuvua kinyago. Nyuma yake turubai lilifunika kitu kikubwa chenye pembe nne. Koplo alilifunua. Makabati matatu kila ubavu.

"Bolti ulizirudisha kwa nini?" Inspekta aliuliza.

Moto alitazama mikono yake. "Nilizirudisha?"

"Zote nane."

"Mkono umezoea, afande. Nati ikipotea, kazi inalala."

"Ulijua lini kuwa chesisi imeoza?"

"Siku nilipong'oa bodi ya kwanza."

"Ukapaka rangi."

"Nilimwahidi Ijumaa ya wiki iliyopita. Mtaani walishaanza kusema mwezi wa Moto una siku sitini. Nikasema nifunge tu, nitarekebisha baadaye. Juzi Alhamisi nikamsikia shemeji akisema atapanda mlima na mabomba ya chuma, na mabinti nyuma." Alielekeza kidole mlimani. "Chesisi ingevunjika kwenye kona ya kwanza."

"Si ungeniambia?" Mama Koki alisema.

"Ningekuambiaje? Kwamba shemeji yako hajui kazi? Niliona heri iibwe. Bodi ikiibwa, hupandi mlima, na utanilaani bila kunijua. Lakini utakuwa hai."

Mama Koki alikaa juu ya ndoo. "Afande, andika bodi imepatikana. Andika aliyeichukua aliniokoa baada ya kutaka kuniua. Kama fomu yako ina nafasi."

"Jumanne wote wawili kituoni, kwa maelezo," Inspekta alisema. "Na gari halipandi mlima kabla ya mkaguzi wa magari kulipitisha. Nitamleta kesho jioni. Chesisi nzima mtaipata wapi?"

Kila mtu alijua ni wapi.

Mama Koki alisimama kwenye geti la Mzee Chakavu. "Mzee wangu, nimekuita mwizi mbele za watu. Nakuomba radhi mbele ya haohao."

Mzee Chakavu alimwangalia kila jirani mmoja mmoja, hadi wengine wakakumbuka vikombe vyao.

"Iko pikapu iliyogongwa mbele," alisema hatimaye. "Chesisi yake ya nyuma ni nzima kabisa. Lakini leo hakati mtu, tunafungua kwa spana. Aje Moto anifundishe."

Moto alibaki nje ya geti, kinyago mkononi, macho chini. Mke wa mzee alimwona kutoka mlangoni.

"Na wewe, mwizi wetu, umesimama huko kama nguzo ya simu unangoja nini? Kazi ni ndefu. Ingia unawe mikono, chakula kinapoa."