Daftari la Chakula la Bonge

Ko, ko, ko. Kisu cha bibi kiligonga ubao kabla hakujapambazuka. Alikuwa akikata viazi vya kukaanga, vya kuuza kwenye lango la shule wakati wa mapumziko. Vilivyobaki ndivyo vilivyokuwa chakula cha usiku, chake na cha mjukuu wake.

Mjukuu huyo, ambaye wenzake walimwita Bonge, aliamka, akajaza ndoo maji, akampulizia bibi moto. Bibi alimsogezea kikombe cha chai yenye sukari tele, kwa kuwa sukari ndiyo iliyokuwa namna yake ya kusema asante.

Wiki hiyo nesi wa zahanati alikuwa ameanza mpango wa afya shuleni. Aliwapima wanafunzi uzito, kisha akawagawia madaftari madogo.

"Andikeni kila mnachokula kwa siku saba," alisema. "Wengi wenu uzito umezidi. Nataka kujua tuanzie wapi."

Bonge alilitazama daftari lake kwa hofu. Akiandika viazi kila usiku, si bibi atafukuzwa langoni? Na bibi akifukuzwa, wataishije? Basi aliinua macho kwenye picha ya vyakula iliyobandikwa ukutani darasani, akanakili: mchicha, samaki, papai. Siku ya pili: maharage, karoti, chungwa. Aliifuata picha ile mpaka mwisho, bila kuruka hata tunda moja.

Siku ya nane nesi alilisoma daftari lake mbele ya darasa.

"Mchicha?" alisema msichana wa dawati la mbele, aliyeitwa Redio kwa sababu hanyamazi. "Huyu na mchicha walikutana wapi?"

Darasa likacheka. Nesi hakucheka. "Jioni nitafika kwenu," alimwambia Bonge. "Nataka bibi yako anifundishe mapishi haya."

Bonge alirudi nyumbani akijikokota. Hakumwambia bibi kitu. Nesi alipopiga hodi, sahani ya viazi ilikuwa mezani, iking'aa mafuta.

"Karibu, mwanangu, ule na sisi," bibi alisema.

"Asante, mama. Nimekuja kujua unavyopika mchicha na samaki." Nesi alifungua daftari, akasoma siku zote saba.

Bibi alimtazama mjukuu wake. Neno moja tu lingetosha kumwaibisha. Hakulisema. Alichukua kitambaa, akaanza kufuta meza iliyokuwa safi tayari.

Ukimya huo ulimuuma Bonge kuliko kugombezwa.

"Bibi hajui lolote," alisema. "Mimi ndiye niliyeandika uongo. Kila siku tunakula viazi vilivyobaki. Naomba usimfukuze langoni."

Nesi alivuta kigoda, akakaa karibu naye. "Nani amekuambia nafukuza watu? Nilipoona chakula chenu kinafuata picha ya ukutani mstari kwa mstari, nilijua kuna mtoto anaogopa. Lakini sikiliza. Ukiniambia tumbo linauma, kumbe ni jino, nitakupa dawa ya tumbo, na jino litaendelea kukutesa. Siwezi kukusaidia kwa uongo, hata uwe mzuri namna gani. Niambie ukweli, hata kama unakutia haya."

Kisha akamgeukia bibi. "Mama, unamlisha ulichonacho, tena kwa upendo. Viazi havina kosa, mafuta ndiyo yamezidi. Vya nyumbani tuvichemshe. Mboga za majani zipo bustani ya shule, nitazungumza na mwalimu mkuu mpate. Na langoni, weka na mahindi ya kuchemsha kando ya karai."

"Na chai?" bibi aliuliza polepole.

"Kijiko kimoja cha sukari."

Bibi akaguna. "Hapo umenigusa pabaya."

Wote watatu wakacheka. Bibi alibandika sufuria ya maji palepale. Bonge alimenya viazi vibichi, nesi akaviosha, na usiku ule walikula vya kuchemsha kwa chumvi na nyanya. Bonge alisema havina ladha. Halafu akaongeza vingine.

Bibi alimsindikiza mgeni mpaka njia kuu, Bonge amemshika bibi mkono.

"Uje tena, mwanangu," bibi alisema. "Wala usitume taarifa kwanza. Utukute tulivyo."