Mama Mkwe Alinituma Gatini Kuparua Samaki

"Umekoroga?!"

Mama Perina alinipokonya mwiko, akauinua juu ili jiko zima liuone. Mchuzi ukawa unamchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

"Jamani njooni mwone! Huyu amekoroga brudet!"

Wageni wakaacha sufuria zao. Mmoja akatoa simu, akaanza kurekodi.

"Binti, kisiwa hiki hata mtoto anajua mchuzi huu haukorogwi! Sufuria inatikiswa! Ukikoroga samaki anavunjika, miiba inatawanyika, unaua watu! Mwanamke wa hivyo haingii kwangu. Harusi hakuna!"

Harusi ilikuwa Jumamosi...

Nikamgeukia Tonči, mchumba wangu, aliyeegemea mlango. Nilitaka neno moja tu kutoka kwake.

Akatazama kucha zake.

Wapendwa, ngojeni niwarudishe asubuhi ile.

Naitwa Manda, mzaliwa wa Lika, milimani. Kwetu ni kondoo, viazi na theluji. Samaki wa baharini nilimjua akiwa ndani ya kopo. Tonči ni wa kisiwani Vis, na mama yake, huyo Mama Perina, ana mgahawa ambako huwafundisha wageni mapishi ya baharini kwa siku moja. Mama mtu alishatamka: "Apite kwanza jikoni kwangu, ndipo apite kanisani."

Njiani Tonči akaninong'oneza, "Ikichemka tu, koroga kwa nguvu, mpenzi. Mama anapenda mwanamke mwenye mkono."

Nikamwamini. Ningeachaje?

Somo lilipotaka kuanza, Mama Perina akanipa ndoo ya samaki.

"Wewe ni wa nyumbani, mwanangu. Nenda gatini ukawaparue, wageni wasichafuke."

Wa nyumbani! Nikatoka natabasamu kama zuzu.

Niliporudi, vidole vimechanika kwa miiba, somo lilikuwa limekwisha. Kila mtu yuko na sufuria yake. Nikapanga vipande vya samaki juu ya vitunguu, nikaongeza nyanya, siki na divai. Ikachemka.

Nikakoroga kama nilivyofundwa.

Haya, turudi kwenye aibu yangu...

"Mchunga kondoo huyu!" Mama Perina alikuwa bado anabwata. "Nilimwambia mwanangu, wa milimani mwachie milima!"

Machozi yalinilenga. Nikageuza uso pembeni, macho yakatua kwa jirani yangu wa mezani, Dinka. Mrembo wa Zagreb, kucha nyekundu, eti ndiyo kwanza anakanyaga kisiwa.

Wageni wengine walikuwa wamerudi kwenye sufuria zao, wanazishika masikio na kuzitikisa kama wanaopepeta mchele. Dinka hapana. Aliizungushia kitambaa, akaivutia tumboni, akaizungusha nusu, kisha akagonga kifuniko kwa kifundo cha kidole.

Ngoja kwanza!

Tonči hugonga hivyohivyo. Mama yake hivyohivyo. Sijamwona mwingine!

"Dinka," nikamwita, "kugonga kifuniko umejifunza wapi?"

"Si hapahapa? Mama katufundisha asubuhi..."

"Mbona wenzako hawagongi?"

Akakificha kidole chini ya meza. Tonči akaacha kutazama kucha.

"Basi, tule!" Mama Perina akadakia. "Wewe Manda, vua aproni, mlango ule pale."

"Naondoka, mama. Lakini desturi yako je?"

Desturi ile aliipenda kuliko sala zake. Aliyepika humlisha mwanaume wake kwanza, mbele ya wote, na mwanaume akikataa ni fedheha ya nyumba.

"Pete bado iko kidoleni," nikasema. "Tonči ni wangu mpaka niivue."

Wageni, hawajui hili wala lile, wakaanza kupiga meza. "Ale! Ale!"

Tonči akamtazama mama yake. Akaitazama simu inayomrekodi. Akaketi.

Nikamjazia kijiko.

"Kula, mpenzi. Nimekoroga kwa nguvu."

La kwanza likapita. La pili... macho yakamtoka! Akashika koo, akawa anaunyooshea kidole ugali wa njano uliokuwa mezani wa kulia mchuzi. Kila mtu anajua, mwiba wa samaki husukumwa na tonge.

Sinia la ugali nilishalinyakua. Nikasimama nalo dirishani.

"Mpe ugali!" mama akapiga kelele.

"Aseme kwanza. Dinka ni nani wako?"

"Mchu... mchu... mchumba..."

"Manda, mwanangu atakufa!"

"Hafi huyu. Si anaongea?"

Mama Perina akapagawa. Akamrukia mwanawe, akawa anamtwanga mgongoni.

"Mpumbavu wewe! Nilikwambia umwambie akoroge kidogo tu, nipate sababu! 'Kwa nguvu' uliitoa wapi?!"

Wageni wote wakamgeukia.

Akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Alichelewa. Simu bado ilikuwa inarekodi.

Hapo ndipo nikaielewa ile ndoo.

"Manda, mwanangu," akabembeleza, "nipe hilo sinia..."

Nikaliinamisha. Ugali wote ukateleza dirishani, paka wa gatini wakaupokea.

Nikavua pete, nikaiweka juu ya kifuniko cha Dinka, nikakigonga kwa kifundo cha kidole. Kisha nikaenda kungoja meli.

Mwiba ulitolewa na daktari. Nasikia mpaka leo Tonči akiongea ni kama kokoto ndani ya debe. Wengine mtaniita katili. Niiteni.

Dinka akaolewa kwa shangwe, kengele zikalia.

Juzi mtu kanitumia picha ya darasa jipya la Mama Perina. Mbele kuna msichana nisiyemjua, kitambaa kaizungushia sufuria, kidole kimekunjwa juu ya kifuniko. Tonči kasimama nyuma yake, anatabasamu.

Dinka simwoni.

Nikaikuza picha. Nje ya dirisha, gatini, kuna mwanamke kainama anaparua samaki. Kucha nyekundu zimebaki mbili.

Dada zangu, ukiambiwa wewe ni wa nyumbani ukakabidhiwa ndoo, kabla hujatoka uliza: humu ndani wenzangu wanafundishwa nini?