Mita ya Mlimani

Saa sita mchana mita-lango ya wodi ya wazazi ilijifunga yenyewe, kwa adabu zote, ikitangaza: "Mgao wenu wa leo umekwisha. Acheni ufujaji."

Ufujaji! Ndoo zilikuwa kavu kabisa, na kitandani kulikuwa na mama mwenye uchungu.

Jiji la Itigi lilijengwa pakavu, likinyweshwa na roboti wachimbaji wa visima, na kila jengo lilikuwa na mita-lango. Ndani yake gurudumu dogo huzungushwa na maji yanayopita. Hesabu ikifika kiwango cha mgao, lango hufunga. Hakuna wa kulibembeleza.

Mhandisi Sechelela alifika akihema.

"Sista Foibe, mbona mabomba yote yako wazi?"

"Tunasikilizia maji, dada. Huku mlimani ndiyo desturi yetu. Yakirudi yanakoroma, unakimbilia ndoo."

"Na leo?"

"Yamekoroma weee! Ukatoka upepo mtupu, kisha lango likafunga."

Sechelela alijipiga paja. "Jamani! Huo upepo ndio uliozungusha gurudumu! Bomba likikauka linajaa hewa, maji yakija yanaisukuma. Gurudumu halijui hewa wala maji, linazunguka tu. Ofisi yetu ya maji ilichagua aina moja ya mita kwa jiji zima. Bondeni inafaa, mabomba hayakauki. Huku ni upuuzi mtupu!"

Alikata lakiri iliyoziba mita, akaing'oa, akafunga mita-sauti, inayopima kwa kupitisha sauti ndani ya maji. Bomba lenye hewa haliipitishi, basi haihesabu kitu.

Bomba likakohoa. Sifuri. Likakohoa tena. Sifuri! Kisha maji yakaja kwa kishindo, na ndipo tarakimu zikaanza kusogea. Wauguzi walipiga vigelegele hadi mama kitandani akacheka katikati ya uchungu. Haukupita muda, mtoto naye akalia.

Kwa simu Sechelela alilisomea vipimo Bongo la Jiji, mashine inayoamua mgao wote. Likajibu:

"Hoja imekubaliwa. Mita zote za mlimani zitabadilishwa."

"Umelishinda!" Sista Foibe alimkumbatia, mara machozi yakamtoka. "Mama yangu aliishi huku. Lango lilimfungia kila wiki, jina lake likabandikwa nje: mfujaji. Akahama kwa aibu, yuko Manyoni kwa mdogo wangu."

"Mpigie sasa hivi."

Foibe alipiga, mikono ikimchuruzika maji.

"Mama? Sikiliza, mama yangu. Hukufuja hata tone. Rudi nyumbani."